Cape Town kwa Mfuko wa Kadiri: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Sisi tunaoandika kutoka Katito tumezoea kuona maji na milima kwa pamoja: upande mmoja ghuba ya Ziwa Victoria, upande wa pili mwinuko wa Nyabondo. Familia zetu chache za Kiislamu zilipokusudia safari ya ng'ambo, ziliuchagua mji ambao bahari iko miguuni pake na mlima uko kichwani pake, nao ni Cape Town, Afrika Kusini. Wengi wametuuliza: Je, nyumba ya kipato cha kadiri yaweza kwenda huko bila ya kuingia katika madeni? Jibu letu ni ndiyo. Lakini yako pia swali la pili ambalo msafiri mwenye kubana matumizi hana budi kujiuliza: senti ninayoipunguza, inapungua kwa nani?

Maandalizi ya nyumbani

Tangu tarehe 1 Januari 2023, mwenye pasipoti ya Kenya huingia Afrika Kusini bila ya viza, kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka. Kwa nyumba ya watu watano, huo ni unafuu mkubwa. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na sisi wa kanda ya ziwa tuna ofisi ya uhamiaji Kisumu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa atokaye Kenya. Mama anayesafiri na watoto pasi na baba yao, achukue vyeti vyao vya kuzaliwa pamoja na barua ya idhini ya baba, asije akasumbuka mpakani.

Mzigo mkubwa ni tiketi ya ndege kutoka Nairobi. Hapa ndipo chama cha kina mama kinapoonyesha thamani yake. Haba na haba hujaza kibaba: anayeweka shilingi 150 kila siku hupata 54,750 kwa mwaka. Akinunua tiketi miezi kadhaa kabla ya safari, huipata kwa bei nafuu kuliko anayenunua wiki ya mwisho.

Wakati nao ni fedha. Majira ya huko ni kinyume na ya nchi za kaskazini: Desemba na Januari ni kiangazi, wageni hufurika na bei za vyumba hupanda. Juni hadi Agosti ni baridi na mvua, na bei hushuka. Kwa wenye watoto wa shule, likizo ya Aprili ndiyo njia ya kati, isipokuwa siku za Pasaka. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kibla chao, kama chetu, huelekea kaskazini kwa kupinda kidogo mashariki.

Vizuri visivyouzwa

Neema ya mji huu ni kwamba uzuri wake mwingi hauna kiingilio. Mlima wa Meza una urefu wa mita 1,086. Kiko kigari kinachopanda kwa waya tangu mwaka 1929, lakini nauli yake ya kwenda na kurudi hupita randi 300 kwa mtu mzima, nayo ni nyingi kwa familia. Njia ya miguu ya Platteklip haina malipo. Ni ngazi za mawe kwa muda wa saa mbili hadi tatu, na mwenye raba nzuri, maji ya kutosha na subira huzimaliza. Tunausia mpande asubuhi na mwende kwa kundi, kwani wapanda mlima wa pekee huvamiwa na wezi. Upepo mkali wa kusini-mashariki unapovuma, wingu jeupe hutandazwa juu ya mlima kama kitambaa cha meza, na kigari husimamishwa. Siku hiyo mtembee ufukweni.

Asiyeweza mlima mkubwa aende Signal Hill, kilima chenye kaburi la mmoja wa mawalii wa mji, ambapo mtu huyaona majengo yote na bahari ya Atlantiki. Njia ya kando ya bahari ya Sea Point ni pana, na watoto hukimbia bila ya kuhofia magari. Kwa wapendao maji, treni ya reli ya kusini hufika Muizenberg, ambako bahari ni ya vuguvugu kuliko upande wa Atlantiki, ulio baridi hata kiangazi.

Bo-Kaap, mtaa wa ndugu zetu

Hata hivyo, kilichotupeleka hasa ni mtaa wa Bo-Kaap, chini ya Signal Hill. Waislamu wa Cape ni kizazi cha watumwa, wafungwa na masheikh waliohamishwa kwa nguvu na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India na pwani ya Afrika. Sheikh Yusuf wa Makassar aliletwa mwaka 1694 na akafa mwaka 1699. Imamu Abdullah wa Tidore, aitwaye Tuan Guru, alifika mwaka 1780 akiwa mfungwa, akatiwa kisiwani Robben, na akaiandika Qur'ani nzima kwa hifadhi ya moyo wake. Alipoachiwa alifungua madrasa, na mwaka 1794 ukasimama Msikiti wa Auwal katika barabara ya Dorp, msikiti wa kwanza wa Afrika Kusini. Ardhi yake ilitolewa na mwanamke, Saartjie van de Kaap. Mabinti zetu na walijue jina hilo.

Mgeni wa pwani hakosi kuona udugu. Huko nako lugha ya nyumbani, Kiafrikana, iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama mababu zetu walivyoandika Kiswahili; kitabu cha Abu Bakr Effendi kilichapishwa Istanbul mwaka 1877. Siku ya Maulidi, wanawake hukusanyika msikitini kukata majani ya mchungwa, wakayatia mafuta ya waridi na kuyafunga katika vifuko. Aliyekua baina ya rihani na asumini ataelewa. Sambusa zipo, na koesister, andazi la viungo lililochovywa shira na kunyunyiziwa nazi, huliwa asubuhi ya Jumapili.

Senti yako iende wapi?

Tumefika kwenye swali letu la pili. Serikali ya ubaguzi iliwaondoa watu zaidi ya 60,000 kutoka mtaa jirani wa District Six, baada ya kuutangaza kuwa wa wazungu mwaka 1966. Bo-Kaap ilinusurika. Leo kinachoitikisa ni bei: nyumba zake za rangi zimependwa, zinanunuliwa na watu wa mbali na kukodishwa wageni kwa usiku, kodi za ardhi zinapanda, na watoto wa mtaa wanashindwa kuishi walikozaliwa. Wenyeji walipinga kwa sauti, na mwaka 2019 majengo na maeneo 19 ya mtaa huo yalitangazwa kuwa urithi wa taifa. Lakini tangazo halilipi kodi ya mjane.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tunapotafuta cha rahisi, tuchague kitakachomponya mwenyeji. Kabla ya kukodi chumba, uliza kama mwenye nyumba anaishi humo. La sivyo, tafuta malazi Salt River au Athlone, ambako familia za Kiislamu ni nyingi na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi. Pika kifungua kinywa chako, lakini chakula cha mchana nunua kwa mama anayekaanga sambusa barazani. Usimpige picha mtu mlangoni pake bila ya idhini, wala usizuie njia ya waendao kuswali. Ukiingia msikitini, acha sadaka sandukuni.

Dini yetu imetufundisha njia iliyo baina ya israfu na ubahili. Kupanda mlima kwa miguu si ubahili; kumpunguzia bei mjane muuza andazi ndio ubahili. Atakayeishika tofauti hiyo, hata mfuko wake ukiwa mdogo, atarudi na elimu, afya na dua za wenyeji.

Allah awawezeshe wenye nia, awahifadhi njiani, na awabakishe ndugu zetu wa Bo-Kaap majumbani mwao. Amin.