Ile Nukta Nyeusi Si Kichwa cha Funza

"Daktari, kichwa nimekwisha kukitoa, mbona kidole kinazidi kuvimba?" Nimeulizwa hivyo katika mtaa wa Kadutu, nimeulizwa katika mtaa wa Bagira, na juma lililopita akaniuliza mama aliyeshuka kutoka Kabare, amempakata mtoto asiyeweza tena kuvaa viatu. Mama, hukutoa kichwa. Ile nukta nyeusi katikati ya uvimbe mweupe ni matako ya funza.

Nimechoka kulirudia, lakini nitalirudia, kwa sababu kosa hili linawalemaza watoto. Funza wa miguuni si mnyoo wala si buu la nzi, ingawa Kiswahili kimewapa jina moja. Ni kiroboto wa milimita 1 hivi, mdogo kuliko viroboto wote wanaojulikana. Ana kichwa, kifua na tumbo, ana miguu sita, hana mabawa. Jike anapochimba ngozi hutanguliza kichwa, na akishaingia hageuki. Mdomo uko chini kabisa, kwenye damu. Kinachobaki juu ni ncha ya tumbo, imechungulia kwenye kitundu kisichozidi nusu milimita, na maisha yake yote yanapitia hapo. Wadudu hawapumui kwa mdomo. Wana vitundu vya hewa pembeni mwa mwili, na funza aliyezama anategemea vile vya mkiani. Hapohapo anatoa kinyesi, dume anampandia, na mayai yanadondoka kwa mamia. Kichwa, kifua na miguu havikui tena. Kinachokua ni tumbo, linavutika kati ya pingili ya pili na ya tatu mpaka linakuwa kama punje ya njegere.

Sasa ona unachofanya ukiing'oa nukta kwa kucha. Umekata mkia. Tumbo linapasuka ndani ya nyama, mabaki yanaoza, usaha unaanza. Halafu mtu anamimina petroli, yale mafuta ya taa, eti "kumchoma macho". Macho gani? Yako chini, upande wa pili! Petroli inachoma ngozi ya mtoto ambayo tayari ni kidonda. Wengine wanapaka dawa ya kupulizia nyanya, na sumu inaingia mwilini kupitia kidonda hichohicho. Kibaya zaidi ni pini moja ya nguo inayozunguka kutoka mguu wa kaka hadi wa mdogo wake hadi wa jirani, ikibeba homa ya ini na kuacha pepopunda nyuma. Na wanaosema ni laana ya ukoo wajue kwamba funza huyu ni mgeni: alitoka Brazili kwa meli, akashuka Ambriz, Angola, mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshavuka bara hadi pwani ya mashariki.

Ukishajua mkia uko wapi, tiba inajieleza. Mafuta ya dimetikoni, matone machache juu ya nukta, yanaziba kitundu na funza anakosa hewa. Katika jaribio lililofanyika Kenya, likachapishwa mwaka 2014, mafuta hayo yaliua funza 78 kati ya 100 ndani ya siku saba. Maji ya pamanganeti, yaliyolinganishwa nayo, yaliua 39. Huyapati mafuta ya dimetikoni? Nenda kituo cha afya: sindano safi, mtoto mmoja sindano moja, kitundu kipanuliwe, kifuko kitoke kizima, kidonda kioshwe, chanjo ya pepopunda iulizwe. Na ili funza asirudi, viatu vivaliwe. Nguruwe na mbwa wasilale mnapolala. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, au isakafiwe mkiweza, kwa maana mayai yanaanguliwa kwenye vumbi la chumba cha watoto. Miguu ikaguliwe kila jioni kwa tochi ya simu, kwani funza wa siku mbili ni alama nyekundu tu na anatoka kwa urahisi. Yule aliyekwisha kufa, aliyekauka akawa gamba jeusi, usimchokonoe. Ngozi itamtoa yenyewe.