Suke la Ngano la Dhahabu

Mkulima wa Njoro au wa Molo hahitaji kufundishwa sura ya suke la ngano. Amelipukusa kiganjani mara nyingi ili aone kama punje zimekomaa, na ndevu zake zimemchoma vidole. Huenda asijue, hata hivyo, kwamba suke hilo hilo lilichaguliwa kuwa pambo la joho alilovaa Malkia Elizabeth wa Pili siku ya kutawazwa kwake huko London, tarehe 2 Juni 1953. Joho lilikuwa la mahameli ya zambarau, na pindoni mwake masuke ya ngano yalipangwa pamoja na matawi ya mzeituni, yote yametariziwa kwa nyuzi za dhahabu za aina 18. Malkia mwenyewe alirithi kiti cha enzi akiwa hapa Kenya, tarehe 6 Februari 1952, alipokuwa mgeni wa Treetops, ng'ambo ya pili ya milima ya Nyandarua.

Kazi ya kutarizi joho hilo ilifanywa na wanawake 12 wa Royal School of Needlework, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1872, nao walitumia saa zaidi ya 3,500. Karani apendaye hesabu na apige mwenyewe. Kama kazi hiyo angepewa mtu mmoja, naye afanye saa 8 kwa siku, siku 6 kwa juma, angemaliza baada ya majuma 73 hivi, yaani mwaka mzima na miezi mitano. Yafaa hesabu hiyo ikumbukwe na kila mtu anayetaka kujifunza ufundi huu, hasa afikapo mahali pa kupatana bei.

Wala ufundi wenyewe si wa Ulaya peke yake. Watu wa pwani yetu wanaujua tangu zamani kwa jina la zari. Katika picha za Masultani wa Unguja, ambao utawala wao ulikoma Januari 1964, Sultani huonekana amevaa joho lililonakshiwa ukosini na kifuani kwa uzi wa dhahabu, na hata leo bwana arusi wa Mombasa au Lamu huvaa la namna hiyo. Vijana wapendao mpira watakumbuka kwamba Lionel Messi alivikwa vazi la jamaa hiyo huko Qatar, tarehe 18 Desemba 2022, kabla ya kuinua Kombe la Dunia. Uzi wa zari hutengenezwa kwa wingi katika mji wa Surat, nchini India. Hapa Nakuru, mahali palipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, mtu huuona katika sari za arusi za mabibi wa Kihindi, katika mavazi ya mapadre siku za sikukuu, na kwenye paredi za Lanet, katika kofia za maofisa wakuu wa jeshi.

Watu wengi hudhani kwamba uzi wa dhahabu ni dhahabu tupu. Sivyo. Ndani yake mna uzi wa hariri au wa pamba, na juu yake pamezungushwa utepe mwembamba sana wa madini, ambao kwa kawaida ni fedha au shaba iliyopakwa dhahabu kidogo. Kwa sababu hiyo uzi huu hauwezi kushonwa kama uzi mwingine. Ukiupitisha kwenye kitambaa mara kwa mara, ule utepe huchunika, na moyo wa uzi ukabaki wazi. Basi mafundi wa kale waligundua njia nyingine: dhahabu hulazwa juu ya kitambaa, na uzi mwembamba wa hariri ndio unaopanda na kushuka, ukiufunga mahali pake. Dhahabu haifanyi kazi yo yote ila kulala na kung'aa. Kazi yote hufanywa na uzi ambao hakuna mtu anayeutazama.

Vyombo vyenyewe ni vichache, na fundi seremala yeyote aweza kutengeneza kiunzi cha mbao. Juu ya kiunzi hutandikwa kwanza marekani, ikavutwa mpaka ikipigwa kwa kidole ilie kama ngoma; kisha kitambaa kizuri, mahameli au hariri, hushonewa juu yake. Zatakiwa sindano nyembamba, nambari 10 au 12, na moja nene yenye tundu kubwa. Uzi wa kufungia lazima upitishwe kwenye nta ya nyuki ili usikwaruzwe na madini ukakatika, na nta si kitu cha kuagiza mbali, maana katika misitu ya Mau Waogiek wamekuwa wakirina asali tangu enzi za babu zao. Mkasi uwe wa zamani, kwa kuwa waya huharibu makali, na fundi wa nguo akikuta mkasi wake mzuri umekatia waya, ana haki ya kukasirika.

Anayejifunza na aanze na suke la ngano, na alishone juu ya marekani peke yake. Mahameli ya mteja si mahali pa kujifunzia, kwa maana tundu la sindano mahali pasipofaa huacha alama isiyofutika, na gharama ya kitambaa itakuwa juu ya fundi.

Kwanza huchorwa bua na punje kwa penseli. Kila punje hukatiwa kipande kidogo cha sufu nzito ya manjano, nacho hushonewa mahali pake ili punje iinuke. Rangi huwa ya manjano kwa makusudi, ili palipo na mwanya kati ya dhahabu na dhahabu pasionekane peupe. Kisha huja bua. Nyuzi mbili za dhahabu hulazwa sambamba, na uzi wenye nta huzivuka zote mbili kwa mshono mfupi ulionyooka, milimita 3 au 4 toka mshono hadi mshono. Jozi ya pili ikilazwa kando ya ile ya kwanza, mishono yake huangukia katikati ya mishono ya jirani, kama mwashi apangavyo matofali ukutani.

Hapo ndipo mwanafunzi hukosea. Akivuta sana uzi wa kufungia, dhahabu hubanwa kiuno, na mstari wote ukawa na meno kama msumeno. Akifumua ili aanze upya, uzi wa dhahabu uliokwisha kupindwa haunyooki tena, atautupa. Mkono wenye jasho nao ni adui, kwa kuwa chumvi yake hulifanya lile fedha au shaba kuwa jeusi baada ya siku chache. Ncha za dhahabu huachwa zikining'inia urefu wa inchi moja mpaka mwisho. Ndipo ile sindano nene hutungwa kitanzi cha uzi imara, ncha ikaingizwa kitanzini, ikavutwa kwa ghafula hadi upande wa nyuma, na kushonewa juu ya marekani.

Punje hufanywa mwisho, maana ndizo dhaifu. Kwa hizo hutumika waya mwembamba uliosokotwa kama springi, wenye uwazi ndani. Hukatwa vipande vifupi juu ya kipande cha mahameli, ili visiruke na kupotea, na kila kipande hutungwa sindanoni kama ushanga, kikalazwa mshazari juu ya sufu. Kikiwa kirefu mno huinuka mgongo na kupasuka. Kikiwa kifupi sufu huonekana. Hakuna kipimo ila jicho, na vipande vinavyotupwa mwanzoni ni vingi kuliko vinavyoshonwa. Kwa sababu hiyo ni busara kujifunza kulaza uzi kwanza kwa zari ya bandia, ile ya plastiki yenye kung'aa, ambayo ni rahisi na haigeuki rangi, ingawa mng'ao wake ni mkali na hauna ule utulivu wa uzi wenye dhahabu. Ndevu za suke hushonwa kwa uzi mmoja uliosokotwa, na mishono hufuata mshazari wa msokoto hata isionekane kabisa.

Je, ufundi huu waweza kumlisha mtu Nakuru? Jibu lataka uangalifu. Beji za uzi wa dhahabu hutengenezwa kwa mkono huko Sialkot, Pakistan, kwa wingi na kwa bei ambayo fundi mmoja hawezi kushindana nayo, na mashine zinazoongozwa na kompyuta hutarizi msalaba kwenye vazi la kanisa kwa muda mfupi sana. Mwenye kuacha cherehani yake leo kwa kutumaini dhahabu atalala njaa.

Lakini iko kazi moja ambayo mashine haiwezi. Vazi la zamani la ibada mara nyingi hariri yake imechanika huku nakshi ya dhahabu ingali nzima. Fundi ajuaye kazi hukata nakshi hiyo pamoja na kitambaa chake cha nyuma, huilaza juu ya hariri mpya, huishonea ukingoni, na kuficha ukingo huo kwa kamba nyembamba ya zari. Kwa kazi kama hiyo apatane kwa saa, si kwa kipande, na aandike saa zake daftarini kila jioni. Vazi likiisha lisikunjwe. Liviringishwe juu ya mrija mpana wa karatasi ngumu, nakshi ikiwa upande wa nje, lifunikwe kwa karatasi laini, wala lisiwekwe karibu na mpira, kwa kuwa mpira una kiberiti ndani yake, nacho huifanya fedha kuwa nyeusi.