Kimo cha Safari Fupi: Desturi ya Marubani wa Simuleta

Marubani wa simuleta ni jamii ya watu wanaorusha ndege za kwenye kompyuta wakiwa nyumbani mwao, kwa kanuni zilezile zinazowabana marubani wa ndege halisi. Jamii hii imepita umri wa miaka 40. Simuleta ya Microsoft ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, na kabla yake Bruce Artwick alikwisha kutengeneza moja ya kompyuta ya Apple II. Intaneti ilipoenea, waliokuwa wakiruka kila mmoja kivyake wakakutana katika anga moja. Mtandao wa IVAO ulianza mwaka 1998, VATSIM ukafuata mwaka 2001. Humo waongozaji wa ndege ni watu wa kujitolea wanaokaa mbele ya rada za kwenye skrini na kuzungumza na marubani kwa sauti, bila kulipwa hata senti. Ni katika anga hizo za pamoja ndipo desturi za jamii zilipokomaa, na miongoni mwake hakuna inayomtambulisha aliyelelewa vizuri kuliko namna anavyochagua kimo cha safari fupi.

Wasioijua jamii hii huuliza kimo kina uzito gani katika ndege isiyo na abiria na isiyochoma mafuta ya kweli. Huuliza hivyo kwa sababu wanadhani simuleta ni mchezo wa kumaliza jioni. Lakini anayeingia kwenye mtandao anaingia katika anga yenye watu wengine, na upande wa pili wa redio yupo mtu aliyejifunza kwa miezi ili aweze kuwapanga wote kwa usalama. Kimo kikichaguliwa ovyo, kazi ya mtu huyo huharibika na safari za wengine huvurugika. Ndiyo maana wenyewe hulihesabu jambo hili kuwa adabu kabla ya kulihesabu kuwa ufundi.

Kosa la wageni linajulikana. Mgeni husoma kwamba Boeing 737-800 inaweza kufika futi 41,000, kisha huandika futi 37,000 kwa kila safari, ya saa tano na ya dakika 40. Katika safari ndefu kimo hicho kina maana, kwa kuwa hewa nyembamba ya juu hupunguza ulaji wa mafuta. Katika safari fupi ndege hupanda, hupanda, na kabla haijatulia tayari imepita mahali pa kuanzia kushuka.

Hesabu yenyewe huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Kwa kila futi 1,000 za kushuka, ndege ya jeti huhitaji maili tatu za baharini, na juu yake huongezwa maili kama kumi za kupunguza mwendo, maana katika sehemu nyingi za dunia mwendo chini ya futi 10,000 hauruhusiwi kuzidi noti 250. Baada ya hapo hukadiriwa umbali wa kupanda. Kinachobaki katikati ndiyo safari yenyewe, na wakongwe hushikilia kwamba kisipungue theluthi moja ya njia nzima.

Njia ya Nairobi kwenda Mombasa inaonyesha jambo hili vizuri. Ukiipima moja kwa moja, ni kama maili 230 za baharini. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko juu ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari, na ule wa Moi wa Mombasa uko karibu na usawa huo, kwa hiyo kupanda ni kufupi na kushuka ni kurefu. Anayetaka futi 37,000 atahitaji maili 111 za kushuka na kumi za kupunguza mwendo, jumla 121. Akiongeza mia moja hivi za kupanda, njia imekwisha. Akichukua futi 25,000, kushuka kutamla maili 75 na kumi za ziada, kupanda kama 60, na zitabaki zaidi ya 80 za kuruka kwa utulivu. Hapo ndege ina nafasi ya kunyooka na rubani ana nafasi ya kusikiliza hali ya hewa ya Mombasa na kupanga namna ya kutua.

Baada ya umbali huja mwelekeo. Kwa kanuni ya kimataifa, ndege inayofuata dira kati ya nyuzi 0 na 179 hushika kimo cha witiri, yaani maelfu ya futi kama 23 au 25, na inayofuata nyuzi 180 hadi 359 hushika shufwa. Njia ya kwenda Mombasa inaelekea kusini-mashariki, hivyo 25,000 ni sahihi, na wakati wa kurudi ni 24,000 au 26,000. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso hupishana kwa futi 1,000, na ukaribu huo huruhusiwa hadi futi 41,000. Wazoefu hujua pia pale kanuni inapogeuka: Ufaransa na Italia hugawa anga yao kwa kaskazini na kusini, wala si kwa mashariki na magharibi. Uingereza nayo ilikuwa na mgawanyo wake wa robo nne za dira hadi mwaka 2015, na wapo warushaji wa huko wanaousikitikia mpaka leo.

Milima ikiwa karibu, hesabu ya umbali huwekwa kando. Kutoka Nairobi hadi uwanja wa Kilimanjaro ni chini kidogo ya maili 130, na njia iliyonyooka hupenya kati ya Kilimanjaro yenye mita 5,895 na Meru yenye mita 4,566. Hapo rubani hufungua kwanza chati ya vimo salama, ambavyo katika nchi ya milima huwekwa futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote. Hata siku ambayo simuleta inaonyesha anga safi na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inang'aa kwenye kioo, mwenye adabu hufuata chati.

Ndege ndogo zina taratibu zake. Anayeruka kwa kutazama nje huongeza futi 500 juu ya witiri au shufwa yake, akawa kwenye 3,500 au 4,500. Kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, umbali wa maili 40 tu, njia inakaribia kaskazini kamili, na kosa la nyuzi sita kwenye dira linaweza kumhamisha mtu kutoka witiri kwenda shufwa. Marubani makini hupima njia hiyo kwa rula kabla ya kuwasha injini. Sheria ya Marekani inamtaka rubani wa ndege isiyoshindiliwa hewa atumie oksijeni akikaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 12,500, na wakati wote juu ya 14,000. Warushaji wa simuleta huiheshimu ingawa mapafu yao yako sebuleni, na heshima hiyo inastahili kusifiwa. Safari fupi kupita zote zenye ratiba ni ile ya visiwa vya Westray na Papa Westray huko Scotland, kilomita 2.7 hivi kwa ndege ya Islander. Huko hakuna kimo cha kuchagua: rubani hupanda futi mia chache na kuanza kutazama uwanja ulio mbele.



Kinachosikitisha ni kwamba hesabu hii ya kimo inapotea. Simuleta ya Microsoft ya mwaka 2020 ilileta wageni wengi kwa mpigo, na programu za kupangia safari kama SimBrief hutoa njia, mafuta na kimo kwa kubonyeza mara moja. Programu hizo ni nzuri na kimo zinachotoa mara nyingi ni sahihi. Shida ni kwamba anayekipokea hajui kilikotoka. Zamani mgeni alikaa na mzoefu kwenye redio au kwenye maandishi, akaambiwa atoe hesabu yake, akakosea, akarekebishwa, na hivyo akaingia katika jamii. Sasa anakuja na karatasi iliyokamilika na hana swali la kumuuliza mtu.

Pengo hilo huonekana anga inapojaa. Ndege ya Mombasa imeomba futi 25,000, na mwongozaji, kwa kuwa kuna nyingine inayokuja, anaiambia ibaki kwenye 21,000. Aliyezoea kubonyeza huduwaa, kwa sababu karatasi yake inamwambia aanze kushuka zikibaki maili 85, na hakuna maandishi mengine. Aliyelelewa na desturi huitikia agizo, huzidisha 21 kwa tatu, huongeza kumi, na huandika 73 pembeni ya chati yake kabla ya sauti ya rubani anayefuata kusikika redioni.