Sura ya 7: Damu ya O na Sindano ya Tumboni

Nilipanga kuanza na vipimo, kisha sheria. Lakini kila nikishika kalamu namwona mama mmoja aliyeingia ofisini kwangu na mkazamwana wake, kadi ya kliniki kaishika yeye. "Daktari, mpime huyo aliye tumboni. Mtoto wa binti yangu nimemzika kwa siko seli. Mwingine simziki."

Mwanao amepima? "Ya nini? Mzima yule. Damu yake ni O."

Hapo huwa naishiwa subira. Kundi la damu na selimundu ni mambo mawili mbalimbali. Mwenye O anaweza kubeba kinasaba cha selimundu na akacheza mpira hadi mvi. Mtoto huugua akirithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi; basi wanaomlaumu mama peke yake, au mizimu ya ukoo, wananichosha. Wazazi wote wakiwa wabebaji, uwezekano ni moja kati ya nne, na huanza upya kila mimba. Kuna baba aliyeniambia, "Mgonjwa wetu tumeshampata, watatu wanaofuata salama." Mimba haiweki hesabu.

Wasomi nao wana yao. Linus Pauling, ambaye mwaka 1949 pamoja na wenzake alionyesha kuwa ugonjwa huu ni kasoro ya hemoglobini, na aliyepata Nobel mara mbili, mwaka 1968 alipendekeza vijana wabebaji wachorwe alama kwenye paji la uso, wasije wakapendana. Paji la uso! Miaka michache baadaye majimbo kadhaa ya Marekani yakalazimisha Weusi kupimwa, na wabebaji wasioumwa chochote wakanyimwa kazi na bima.

Sindano ya kumpima aliye tumboni hupitishwa tumboni mwa mama kuanzia wiki ya 15, ikachota vijiko vichache vya maji ya uzazi. Mara chache mimba huharibika. Jibu halitibu, na sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba ila kunusuru uhai wa mama. Mtoto akishazaliwa, tone la damu ya kisigino linatosha kumpima, na akikutwa na ugonjwa huanzishiwa penisilini mapema.

Kabla ya yote hayo kuna damu ya mkono wa baba. Mzazi mmoja akiwa hana kinasaba, mtoto hapati nakala mbili, na sindano haina kazi.

Mkazamwana hakuwa amesema neno. "Mimi nitapima mkono," akasema, "tumbo nitaamua mwenyewe."

Nikaandika karatasi mbili za maabara. Ya pili nikamkabidhi mama, ampelekee mwanawe wa O.