Sakafu Kwanza, Kitanda Baadaye: Kuchagua Rezidensi ya Sanaa Nakuru na Jirani Zake

Katika rezidensi ya sanaa, kitanda ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Bedsita mitaa ya Free Area au Kaptembwo mjini Nakuru hupatikana kwa shilingi 5,000 hadi 8,000 kwa mwezi, na mtu mwenye godoro na jiko la gesi anaweza kuhamia leo jioni. Hata hivyo, matangazo mengi yanayowaita wasanii huanza kwa kusifu malazi: chumba kinachotazama ziwa, chai ya asubuhi, sauti za ndege. Mchoraji aweza kuridhika na hayo mradi apate meza na mwanga. Msanii anayechanganya dansi, utendaji na uchoraji hawezi. Yeye anataka sakafu, anataka wenzake, na anataka ukuta ambapo vitu vyake vitatundikwa wiki tatu bila kuondolewa Ijumaa kupisha harusi. Hivyo ndivyo vinavyokula pesa, na ndivyo ambavyo tangazo huvipitia kwa mstari mmoja.

Basi tuanze na sakafu. Kumbi nyingi za kijamii na za makanisa katika ukanda huu, kutoka Naivasha hadi Molo, ni za saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa. Inapendeza, inapigika deki kwa urahisi, lakini inaumiza magoti. Saruji haimezi kishindo: mguu ukitua, nguvu yote inapanda kwenye muundi, goti na kiuno. Mazoezi ya saa nne kwa siku juu ya sakafu hiyo, kwa mwezi mzima, yanaweza kumwachia mchezaji maumivu yatakayomnyima kazi miezi miwili inayofuata. Ukienda kukagua ukumbi, vua viatu, ruka mara kadhaa papo hapo, usikilize. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mihimili hutoa mlio mzito, na kisigino huhisi inanesa kidogo. Saruji hutoa mlio mkavu uliokatika. Ziko pia mbao zilizogundishwa juu ya saruji bila nafasi chini yake. Kwa macho ni mbao, kwa goti ni saruji.

Mjini Nakuru, mahali pa kuulizia kwanza ni Nakuru Players Theatre, jumba la maigizo la tangu enzi za ukoloni ambalo lina jukwaa halisi. Nje ya mji, upande wa Njoro, kuna Kasri la Lord Egerton, lililojengwa kati ya 1938 na 1954 na sasa liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton. Ndani yake mna ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Watu hulikodi kasri hilo kwa harusi na kupigia picha, na ndiyo maana hupati Jumamosi kwa urahisi. Jumanne na Jumatano ni habari nyingine. Mapatano ya siku za katikati ya wiki, ambazo hazimletei mwenye ukumbi kitu, ndiyo mapatano bora kabisa ambayo msanii wa Nakuru anaweza kuyapata, na wachache mno huyaomba.

Kuna na suala la pumzi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchezaji anayetoka Mombasa huhema mapema siku za mwanzo, na usiku wa baridi misuli hukaza. Mwenyeji anayejua kazi hii humpa siku hizo za kuzoea, na humlipa posho yake kamili. Asiyejua humpangia onyesho siku ya pili.

Sasa tuangalie mapatano yanayotolewa sana Naivasha na Elmenteita: hoteli au kambi inakupa chumba na chakula, nawe unachora ukuta na kuwatumbuiza wageni jioni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe linakungoja mlangoni. Sisemi ukatae. Nasema upige hesabu. Tuseme wewe hutoza shilingi 3,500 kwa mita ya mraba ya mchoro wa ukutani, na ukuta wenyewe una mita za mraba 20. Hiyo ni kazi ya shilingi 70,000, kabla hujacheza hata jioni moja. Chumba unachopewa msimu wa wageni wachache kingekuwa kitupu, kwa hiyo kinamgharimu mwenyeji umeme, maji na shuka tu. Mchoro utakaa ukutani miaka. Ikiwa mapatano ni ya haki, basi rangi inanunuliwa na hoteli, idadi ya jioni za kutumbuiza inaandikwa, na kuna pesa taslimu juu ya ugali. Kama hakuna hata moja kati ya hayo matatu, hiyo ni kazi ya kandarasi iliyobandikwa jina la rezidensi.

Ukanda huu una mfano wa zamani wa kazi ya kuagizwa. Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, ilikuwa nyumba ya Joy Adamson. Dunia inamkumbuka kwa simba Elsa, lakini mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore picha za watu wa jamii mbalimbali za Kenya, akazunguka nchi akiifanya kazi hiyo. Alilipwa, alisafirishwa, akapewa muda. Picha zilibaki kwa aliyeagiza, na nyingi ziko Makumbusho ya Taifa Nairobi hadi leo. Kazi ya kuagizwa ina heshima yake, mradi bei yake iwe bei ya kazi ya kuagizwa. Rezidensi ni kitu tofauti: unalipiwa muda, na unachokitengeneza ni chako.

Aina nyingine ni ile ambayo msanii ndiye anayelipa ada. Hizi zimeongezeka, na baadhi ni halali kabisa. Unalipia studio, mtunza nyumba, pengine mwalimu. Kipimo changu ni hiki: ukiondoa chumba na chakula kwenye ada, kilichobaki kinanunua nini? Kikinunua saa za ukumbi na msanii mzoefu wa kukaa nawe na kuikosoa kazi, lipa kama unaweza. Kikinunua cheti na picha za mitandaoni, ziache pesa zako benki. Katika kaunti jirani ya Nyandarua iko Tafaria, hoteli yenye umbo la ngome ambayo imejitangaza pia kuwa kituo cha sanaa kinachopokea wasanii. Ni karibu, ni tulivu, na inafaa kuandikiwa, ukiuliza maswali haya haya ya sakafu na umiliki.

Kwa mchoraji, Nairobi bado ina faida kubwa. Brush Tu pale Buruburu, iliyoanzishwa 2013, na Kuona, iliyoanza 1995 na ambayo sasa inaendeshwa na wasanii wenyewe, zina kile ambacho Nakuru haijawa nacho vya kutosha: majirani wa studio. Unatoka kwenda kuomba brashi, unarudi umeambiwa ukweli kuhusu picha yako. Ukitoka Nakuru, nauli ya matatu huwa kati ya shilingi 400 na 600 siku za kawaida, ikipanda sana Disemba, kwa hiyo hiyo si kizuizi. Kizuizi ni kodi ya Nairobi kwa mwezi wa rezidensi ukiwa bado unalipia nyumba yako ya Nakuru. Gharama hii ya nyumba mbili wasanii wengi husahau kuiandika, na mwenye watoto huilipa mara ya pili kwa mtu wa kuwalea.

Kuvuka mpaka je? Hapa jiografia inatupendelea. Nakuru iko kwenye barabara kuu ya Kampala, na basi la kwenda Malaba hukukuta hapa hapa. Kampala iko kilomita 500 hivi. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Kule kuna shirika la sanaa la 32° East, lililoanzishwa 2011, ambalo limejijengea kituo chake na limezoea wasanii wanaochanganya uchoraji na utendaji wa mitaani. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, ya tangu 2008, yenye studio za makontena pale Mikocheni, nayo ni nzuri sana, na faida yake ni Kiswahili: unafanya kazi na kubishana kwa lugha yako. Lakini safari ni zaidi ya kilomita 1,000, na Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wito wa kuomba nafasi ukiwa hauna nauli, mkazi wa Nakuru atapata mengi kwa pesa kidogo akielekea magharibi.

Ulaya ni hesabu tofauti. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90, zaidi ya shilingi 12,000, na hairudishwi ukinyimwa. Ongeza safari za Nairobi za kupeleka hati na kutoa alama za vidole. Wito usiosema kwa maandishi kwamba mwenyeji anabeba viza, bima na tiketi, usiuombe kwa pesa za mkopo.

Kwa wacheza dansi wa Afrika Mashariki, kazi kubwa haikusubiri jengo kubwa. Mwaka 1997 Opiyo Okach, Afrah Tenambergen na Faustin Linyekula, Mkongo aliyekuwa akiishi Nairobi, waliunda kundi la dansi la Gàara. Baadaye Linyekula alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa na kuihamishia Kisangani, mbali na mji mkuu, na wasanii wanamfuata huko. Germaine Acogny alifanya hivyo hivyo Senegal: shule yake ya dansi, École des Sables, iko kijijini Toubab Dialaw, na mojawapo ya kumbi zake ina sakafu ya mchanga. Ndiyo sababu naamini chaguo bora kwa wengi wetu ni kujitengenezea rezidensi Nakuru, watu watatu kwa mwezi mmoja, mmoja wa dansi, mmoja wa utendaji, mmoja wa uchoraji.

Hii hapa hesabu ya mfano. Badilisha tarakimu kwa bei utakazopewa. Nyumba ya vyumba viwili, Section 58 au Kiamunyi: 18,000. Ukumbi saa nne kwa siku, siku 20, tukiweka 500 kwa saa: 40,000. Chakula cha watu watatu kwa 400 kila mmoja kwa siku: 36,000. Vifaa: 20,000. Nauli kama wote wanatoka Nairobi: 3,000. Mpiga video wa siku moja: 10,000. Jumla 127,000, yaani kama 42,300 kwa kila mtu. Amana ya nyumba iweke kando, maana hurudi, ikipungua kidogo kwa ajili ya kupaka rangi upya. Angalia kwamba nyumba ni kama sehemu moja ya saba ya gharama, na ukumbi ni karibu theluthi. Kupunguza saa za ukumbi ili kukodi nyumba nzuri zaidi ni kuuza kazi kununua usingizi.

Hesabu hiyo haina mshahara, na hapo ndipo ufadhili unapoingia. Tuzo za Seed za Prince Claus Fund ya Uholanzi ni euro 5,000 kwa msanii anayeanza. Kwa bei za Nakuru, hiyo ni rezidensi ya namna hii kwa miezi mitano. Mchezaji alipie pia bima ya afya ya SHA kabla ya mwezi kuanza; kima cha chini kwa aliyejiajiri ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka kwa pamoja. Kifundo cha mguu hakisubiri usajili ukamilike.

Vifaa vingine hapa ni vya bure au karibu na bure. Karibu na Gilgil, Kariandusi, kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe laini unaoshika kwenye ngozi na kwenye turubai kama unga. Ni rangi ya kupendeza sana kwa mwili unaocheza. Ila vumbi lake linadhuru mapafu: lilowanishe kwanza, vaa barakoa wakati wa kulichanganya, na kamwe usilirushe hewani ukumbini. Kama unataka kutumbuiza kwenye eneo la kale kama Hyrax Hill, alikochimbua Mary Leakey mwaka 1937, andikia Makumbusho ya Taifa mapema kuomba ruhusa.

Ruhusa haistahili kuachwa hadi wiki ya mwisho. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, lakini Aprili 2025, hapa hapa Nakuru kwenye tamasha la taifa la maigizo ya shule, tuliona polisi wakirusha vitoa machozi, nao wasichana wa shule ya Butere wakiimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza mchezo wao. Muulize mwenyeji wako kabla ya kutia sahihi: polisi wakija mlangoni, nani anasimama mbele? Jibu liwe jina la mtu. Katika mkataba huo huo liandikwe ni nani anamiliki video ya onyesho, na kwamba haki yako ya asilimia 5 mchoro unapouzwa tena, iliyoingizwa kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 2019, haiguswi.

Miezi nayo ina bei. Disemba kumbi ni za harusi na nauli iko juu. Aprili kuna mvua na tamasha za shule. Wiki ya Safari Rally, ambayo tangu 2021 imekuwa Naivasha, usitafute chumba huko kabisa. Mimi ningekodi katikati ya Januari au Septemba, na barua ya kuomba ukumbi ningeipeleka kwa mkono miezi mitatu kabla.