Mkono Unapokufa Ganzi: Maelezo kwa Makatibu na Wanachama



Mwaka juzi, baada ya kumaliza ukaguzi katika chama kimoja cha msingi hapa Wilaya ya Babati, katibu wake alikataa kupokea hati niliyokuwa nimeitia sahihi. Alitoa jaladani hati ya mwaka uliotangulia, akaziweka zote mbili mezani, akasema kwa adabu, "Ndugu mkaguzi, wewe mwenyewe umetufundisha kwamba sahihi zisipofanana tusipokee." Nilizitazama, na kweli hazikufanana. Ya kwanza ilinyooka. Ya pili ilitetemeka na kukatika katikati kama ya mtu ajifunzaye kuandika. Nilimsifu kwa uangalifu wake, nikatia sahihi upya, polepole, mbele ya mashahidi wawili. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Kwa muda wa miezi minane mkono wangu wa kulia ulikuwa ukifa ganzi, nami nilikuwa nikilificha jambo hilo.

Nayaeleza haya si kwa kutaka kuhurumiwa. Katika ziara zangu nimekutana na wachukuzi wa ghalani, wapima mazao na makarani wenye malalamiko yafananayo na yangu. Baadhi yao wameitwa wavivu, na wengine wamemaliza fedha zao kwa waganga. Ugonjwa wenyewe si wa watu wengi, lakini anayeupata hutegemea mno uamuzi wa siku za mwanzo. Kwa hiyo yafaa katibu wa chama aufahamu.

UGONJWA WENYEWE

Chini ya shingo, mahali ambapo bega hukutana na kifua, pana upenyo mwembamba. Juu yake uko mtulinga, yaani ule mfupa uonekanao mbele ya bega, na chini yake uko ubavu wa kwanza. Kando yake ipo misuli ya shingo iliyojishikiza katika ubavu huo. Katika sehemu hii hupita vitu vitatu viendavyo mkononi: fungu la mishipa ya fahamu itokayo shingoni, mshipa mkubwa upelekao damu mkononi, na mshipa mkubwa uirudishao damu moyoni. Nafasi ikipungua, kimojawapo hubanwa, na mkono huanza kulalamika. Kwa Kiswahili twaweza kuuita ugonjwa wa mlango wa juu wa kifua. Hospitalini huandikwa kwa herufi tatu, TOS.

Nafasi hiyo hupungua kwa sababu mbalimbali. Wapo watu waliozaliwa na ubavu wa ziada shingoni. Hao hawafiki hata mmoja katika kila watu mia, na wengi wao huishi maisha yao yote bila kuugua. Wengine huanza kuugua baada ya ajali iliyoumiza shingo au kuvunja mtulinga. Wengine huletewa ugonjwa na kazi ya kuinua mikono juu ya kichwa mara kwa mara, kubeba mizigo mizito begani, au kuinama mezani mchana kutwa huku mabega yakiwa yamelegea mbele. Mimi kwa miaka kumi na saba nimebeba mkoba wa majalada katika bega lile lile la kulia, na kuendesha pikipiki katika barabara za vumbi za wilaya hii.

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1861 daktari Coote wa London alimpasua mgonjwa na kumwondolea ubavu wa ziada wa shingoni. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliyakusanya maradhi ya namna hii, ambayo awali kila moja lilikuwa na jina lake, wakayapa jina moja linalotumika hadi leo.

AINA TATU

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu. Aina ya ugonjwa hufuata kitu kilichobanwa, na kila aina ina mwendo wake wa tiba.

Aina ya kwanza ni ya kubanwa mishipa ya fahamu. Zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wana aina hii. Mgonjwa husikia maumivu ya shingo na bega, na ganzi inayoshuka mkononi, aghalabu hadi kidole cha pete na kidole cha mwisho. Mshiko hulegea na vitu huanguka. Dalili huzidi anapoinua mikono, kwa mfano anapoanika nguo, kusuka nywele au kupanga magunia.

Aina ya pili ni ya mshipa urudishao damu. Wagonjwa wake ni wachache katika kila mia, na mara nyingi ni vijana wenye nguvu. Baada ya kazi nzito ya mikono, mkono mmoja huvimba ghafla, huwa mzito, na rangi yake hubadilika kuelekea samawati au weusi. Damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo laweza kusafiri hadi mapafuni na kuua.

Aina ya tatu ni ya mshipa upelekao damu. Hii ni adimu kuliko zote, kadiri ya mgonjwa mmoja katika mia, na kwa kawaida huwapata wenye ubavu wa ziada au kasoro nyingine ya mfupa. Mkono huwa wa baridi na kupauka, mapigo ya damu hufifia, na vidonda vyaweza kutokea kwenye ncha za vidole.

Wahenga walituachia methali mbili ambazo watu hudhani zinapingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika ugonjwa huu zote mbili ni za kweli. Aina ya kwanza hudai subira. Ya pili na ya tatu hazingoji hata siku moja.

Katika msimu mmoja wa kupokea mbaazi, kijana mmoja mchukuzi alishinda siku mbili akipanga magunia juu ya kichwa chake. Siku ya tatu mkono wake ulivimba hadi kiwiko. Wenzake walisema ameumwa na mdudu, na mzee mmoja akauchua kwa mafuta ya moto. Siku nne zikapita ndipo akapelekwa hospitali, ambako alikutwa na damu iliyoganda. Alipewa dawa za kuzuia damu isizidi kuganda, akapona, lakini hadi leo mkono ule huvimba akibeba mzigo. Hakuna aliyemtakia mabaya. Ila mkono uliovimba ghafla haufai kuchuliwa; mwenye mkono huo apelekwe hospitali siku ile ile.

SI KILA GANZI NI UGONJWA HUU

Mkaguzi haandiki kwamba fedha zimeibwa kabla ya kuhakikisha kwamba hesabu haikukosewa. Vivyo hivyo, ganzi ya mkono ina visababishi vingi. Yawezekana ni pingili za shingo, mshipa uliobanwa kifundoni au kiwikoni, kisukari, au uvimbe ulio juu ya pafu. Tusiusahau ukoma, ambao bado upo nchini mwetu, unatibika, na huanza kwa ganzi na mabaka yasiyohisi. Nayo maumivu ya mkono wa kushoto pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi huenda yakawa ni ya moyo, na hayo ni ya dharura.

Mimi nilianzia hospitali ya hapa mjini. Daktari alinipima damu kwa ajili ya kisukari, akanipiga picha ya eksirei ya shingo na kifua kutafuta ubavu wa ziada, akaniagiza niinue mikono yote miwili na kufumba na kufumbua viganja kwa dakika tatu. Mtu mzima wa afya huchoka, lakini humaliza. Mimi mkono wa kulia ulianguka kabla ya dakika moja na nusu. Alinieleza kwamba jaribio hilo peke yake halithibitishi ugonjwa. Akanipa barua ya rufaa kwenda Moshi, katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako mishipa ya damu ilitazamwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na kuonekana salama. Basi yangu ilikuwa aina ya kwanza.

KUPIMA NJIA ZA MATIBABU

Nyumbani ndugu zangu waligawanyika. Kaka yangu alitaka niuze ng'ombe wawili nikapasuliwe, maradhi yaishe mara moja. Mama yangu alisema kisu kikigusa shingo, mtu harudi mzima. Nilimwuliza daktari mbele ya mke wangu, naye akatueleza njia tatu.

Ya kwanza ni mazoezi chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo, pamoja na kubadili namna ya kufanya kazi. Gharama yake ni ndogo na hatari yake ni ndogo, lakini hudai kufanywa kila siku kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Wagonjwa wengi wa aina ya kwanza hupata nafuu kwa njia hii. Dawa za maumivu husaidia njiani, lakini hazipanui upenyo.

Ya pili ni sindano ya dawa ya ganzi katika misuli ya shingo. Nafuu yake kwa kawaida ni ya muda, lakini humsaidia daktari kujua kama misuli hiyo ndiyo yenye kubana.

Ya tatu ni upasuaji, yaani kuondoa ubavu wa kwanza, au ule wa ziada, na kukata misuli inayobana. Tangu mwaka 1966, daktari Roos wa Marekani alipoeleza njia ya kupitia kwapani, kazi hii imefanywa kwa wagonjwa wengi duniani. Ni kazi ya daktari bingwa aliyeizoea. Wengi hupata nafuu, lakini si wote, na kwa wengine maumivu hurudi. Hatari zake ni kutoboka kwa utando wa pafu, kutokwa damu, na kuumia kwa mishipa ile ile ya fahamu iliyokusudiwa kuokolewa. Tafiti zilizolinganisha vema upasuaji na mazoezi bado ni chache.

Kisha alisema jambo lililonisaidia kuamua: "Kama mshipa wa damu ndio uliobanwa, ningekuhimiza twende haraka. Kama misuli ya kiganja ingekuwa imeanza kukonda, pia nisingekuacha ungoje. Kwako hayo hayapo. Una nafasi ya kujaribu njia ambayo, ikishindikana, haijakuharibia nyingine."

Nilichagua mazoezi kwa miezi sita, kwa sharti kwamba dole gumba likikonda au mshiko ukizidi kulegea, nirudi kuuzungumzia upasuaji. Ng'ombe wangu walibaki zizini.

KUISHI NAO

Kila asubuhi huvuta kidevu nyuma, huyavuta mabega nyuma na kuyashusha, huiinamisha shingo taratibu upande wa pili hadi misuli inyooke, na hupumua kwa tumbo badala ya kuinua kifua. Zoezi linaloongeza ganzi huliacha, nikamwuliza mtaalamu. Silali tena nikiwa nimeweka mkono juu ya kichwa. Mkoba nimeugawa mara mbili, nikaufunga nyuma ya pikipiki. Huandika kwa nusu saa, kisha hupumzisha mkono.

Sikupona kabisa. Wakati wa baridi bega huuma, na safari ndefu hurudisha ganzi. Lakini naandika, na sahihi yangu imerudi kuwa moja. Jambo gumu kuliko mazoezi lilikuwa kuwaambia wenzangu kazini, kwa maana ugonjwa usioonekana huaminiwa na wachache.

WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, mizigo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Gunia letu la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kiasi hicho, na lumbesa, ambayo imepigwa marufuku, huzidi hapo. Gunia libebwe na watu wawili au kwa toroli, na watakaopanga juu ya kimo cha bega wapewe jukwaa la kusimamia na zamu za kupumzika.

Pili, fidia. Chama kinachoajiri ni mwajiri kama waajiri wengine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake, na unahusu pia maradhi yatokanayo na kazi. Kukubali au kukataa dai ni kazi ya Mfuko. Kupeleka taarifa mapema na kutunza kumbukumbu ni kazi ya katibu.

Tatu, mwenye bima ya afya aulize kabla ya safari ya rufaa ni vipimo gani vinavyolipiwa, asije akakwama njiani.

Nne, Bodi isimkate mtu mshahara wala kumwachisha kazi kwa kuwa mkono wake umelegea, kabla daktari hajaupima. Karani aliyebadilika mwandiko aulizwe habari za afya yake kabla ya kushukiwa.

Katibu yule aliyeikataa sahihi yangu alitenda haki mara mbili. Alilinda mali ya wanachama, kisha, nilipokuwa nikifunga mkoba, aliniuliza taratibu, "Mkono una nini, ndugu?" Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kweli, na wiki iliyofuata nilikwenda hospitali.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika,
Babati.