Dhamira ni ya Nani? Asasi, Mfadhili na Mwandishi wa Filamu wa Pwani

Katika semina zetu tumezoea kuuliza maswali mawili: mwandishi anasema nini, na anasemaje? Yaani maudhui na fani. Tukiwa na riwaya au tamthiliya mkononi, maswali haya yanatutosha. Ikija filamu, kusema kweli, tunababaika, kwa sababu muswada wake hatuuoni. Tunatazama picha, tunamsifu mwigizaji, basi, tumemaliza. Aliyeandika ni nani? Kafundishwa na nani? Na aliyemlipa alitaka nini?

Makala haya yana nia ya kueleza jinsi asasi zisizotafuta faida zilivyowalea waandishi wa filamu na michezo ya redio na televisheni, nikitazama zaidi upande wetu wa Bagamoyo. Hoja yangu ni kwamba namna mwandishi anavyofundishwa huingia ndani ya kazi yake, kwa hiyo mhakiki asiyeijua anahukumu nusu ya kesi.

Tuanze na muswada wenyewe. Mwandishi wa riwaya anaweza kutuambia kuwa Fatuma alikuwa na uchungu moyoni, tukamwamini. Mwandishi wa filamu hana ruhusa hiyo. Lazima aonyeshe: Fatuma anakunja khanga, anaikunjua, anaikunja tena. Kila ukurasa ni kama dakika moja ya picha, na kila neno la ziada ni gharama. Ufundi huu haupatikani kwa kusoma riwaya peke yake. Unahitaji mtu wa kukusomea, kukuhoji, na kukurudisha uandike upya mara tatu, mara nne.

Sasa basi, nani atalipa muda huo? Soko letu halikulipa. Filamu tunazoziita Bongo Movie, zilizoshamiri baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, nyingi zilitengenezwa haraka haraka. Mwandishi alitoa muhtasari, waigizaji wakamalizia maneno mbele ya kamera. Sisemi kwamba hapo hapakuwa na sanaa. Kubuni papo hapo ni utamaduni wetu wa siku nyingi. Ila mwandishi hakupata nafasi ya kukua. Nafasi hiyo ndiyo asasi ilikuja kuinunua, na kila anayenunua ana sababu zake.

Njia ya kwanza ni ile ya ujumbe. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kwa msaada wa asasi ya Population Communications International ya New York. Mbinu yake ilitoka kwa Miguel Sabido wa Mexico. Mwandishi hufundishwa kuumba wahusika wa aina tatu: anayefuata mwenendo mwema, anayekwenda kinyume, na yule wa katikati anayeyumba kabla ya kubadilika. Msikilizaji anatarajiwa ajione katika huyu wa tatu. Wazee wetu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia. Wataalamu walikwenda mbali zaidi: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Ndugu msomaji, ni kazi gani nyingine ya fasihi ya Kiswahili iliyowahi kupimwa namna hiyo, kama dawa?

Njia hiyo ilifika Bagamoyo kwa sura nyingine. Asasi ya Media for Development International ilitengeneza filamu ya Chumo (2011), iliyobeba ujumbe wa malaria kwa wajawazito, kisha tamthiliya ya televisheni ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2012. Fedha zilitoka serikali ya Marekani kupitia USAID, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilikuwa mshirika. Cheche ni mpiga picha kijana wa Bagamoyo, ana mke, Cheusi, na ana tamaa. Yupo pia Mzee Masharubu na wake zake. Ukiitazama kwa jicho la Sabido utaona haraka kuwa Cheche ndiye yule wa katikati. Ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI umo. Lakini pia zimo nyumba zetu, vichochoro vyetu na namna watu wa pwani wanavyosemana bila kutajana majina. Mimi niliyekulia Bagamoyo naona kwamba kazi hii inasimama pale inapomwacha mtu aseme fumbo lake, na inalegea pale mhusika anapoanza kuongea kama bango la zahanati.

Njia ya pili ni ile ya kumlea mwandishi na hadithi yake mwenyewe. Mwaka 2004 Mira Nair, mwongozaji wa Salaam Bombay! (1988), alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda walituma miswada, wachache wakachaguliwa, wakakutanishwa na wataalamu wa filamu. Mlezi anausoma muswada, wanakaa wawili, anauliza: huyu mtu anataka nini? Nini kinamzuia? Kwa nini tukio hili liko hapa? Mwanafunzi anarudi kuandika. Hapa hakuna orodha ya ujumbe wa afya, na uhuru ni mkubwa zaidi.

Lakini tusishangilie mapema. Mlezi asiyejua Kiswahili hawezi kukisoma, kwa hiyo muswada utabidi umfikie kwa Kiingereza. Mama mkwe wa pwani haendi kumwambia mkaza mwana wake "sikutaki". Atavaa khanga yenye jina, apite mlangoni mara mbili. Kwa filamu hilo ni tukio kamili, tena halihitaji neno. Mwandishi anayeandikia msomaji wa mbali atashawishika kuongeza mazungumzo ya kulifafanua. Akifanya hivyo, ameua alichokuwa nacho.

Kuna njia ya tatu, na ajabu ni kwamba ni ya zamani na ya hapa hapa. Katika miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini. Kimojawapo ni Msoga, wakati huo katika wilaya ya Bagamoyo. Mpango wao uligeuza mambo: wanakijiji wenyewe ndio walioutaja mgogoro, wakautafutia ngoma na mchezo, wakaujadili baada ya onyesho. Dhamira haikuletwa ndani ya bahasha. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kimekaa katikati ya utamaduni huo wa ngoma na maigizo.

Nikizilinganisha njia hizi, tofauti kubwa naiona katika swali moja: nani anachagua tatizo? Katika ya kwanza ni mfadhili, katika ya pili ni mwandishi akimtazama mlezi, katika ya tatu ni jamii. Wengine watasema mwenye njaa hachagui. Mwandishi apate mafunzo kwanza, uhuru baadaye. Hoja hiyo ina uzito, maana ufundi wa kujenga tukio haupotei ujumbe ukiisha. Lakini fedha huisha pia. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliifunga USAID. Mwandishi aliyezoea kuanza na ujumbe wa mtu mwingine ataanzia wapi sasa?

Napendekeza mambo mawili. Mosi, tuombe miswada iwekwe maktaba tuisome kama tunavyosoma tamthiliya. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) tunaijua. Filamu yake ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji, wengi tumeiona. Daraja kati ya vitabu na picha ni muswada, na huo hatujausoma. Pili, pale Bagamoyo penye walimu wa maigizo na sisi wenye uhakiki tukutane tusomeane kazi. Chumba, meza na subira havihitaji mfadhili mkubwa. Anayeona nimekosea aandike toleo lijalo, tujadiliane.